Zimwi Lililomumunya Mlima

Paukwa!

Pakawa!

Nimewaletea mlima!

Uko wapi, tuuone?

Umeliwa!

Umeliwa na nani?

Sogeeni basi. Na wewe uliyekanyaga mkeka wangu na miguu ya matope, kajifute kwanza. Hadithi hii haitaki wachafu.

Zamani hizo palikuwa na mlima uitwao Kiruvi. Juu kabisa palikuwa na mwamba, na ndani ya mwamba kulikaa zimwi. Zimwi hili halikula watu. Lingekula watu, wangelikimbia mapema. Lenyewe lilikula mlima.

Mchana liliuanika mwamba juani mpaka ukaunguza mkono. Usiku likaupulizia baridi. Mwamba ukatanuka, ukasinyaa, ukatanuka, ukasinyaa, mpaka siku moja, kwa! ukapasuka. Mizizi ikapenya kwenye ufa, maji ya mvua yakapenya, zimwi likamumunya. Mawe yakawa kokoto, kokoto zikawa mchanga, mchanga ukachanganyika na majani yaliyooza ukawa udongo. Zimwi likaimba:

"Namumunya, nabeba, nabwaga!
Sina haraka, mlima ni wangu."

Lakini kubeba lilikuwa haliwezi. Miti iliushika udongo, nyasi ziliushika, masale ya mipakani yaliushika. Basi zimwi likatafuna na watu wakala: ndizi, magimbi, maharage. Hakuna aliyelilalamikia.

Nakijwa aliolewa huko na Mbonea, kitindamimba wa mzee Senkondo. Akakuta shamba la migomba na nyumba katikati yake, akalipenda kuliko kitu chochote. Hapo ndipo alipowalisha wanawe, na hapo ndipo alipotaka kuwalisha wajukuu.

Siku moja mzee Senkondo akafa. Desturi ya huko, shamba hugawanywa kutoka kileleni mpaka bondeni, ili kila mwana apate juu, kati na chini. Na alama ya mpaka ni sale, mmea wa amani. Ukiling'oa, umetangaza vita.

Lakini wanawe watatu, Mbonea na kaka zake wawili, hawakuaminiana. Huyu akasema sale limesogezwa. Yule akasema sale limesogezwa. Na Mbonea naye akasema sale limesogezwa.

Kaka mkubwa, Mrutu, akasema, "Sale hutembea. Mtaro hautembei. Tuchimbe mitaro!"

Basi wakang'oa masale, wakachimba mitaro kutoka kileleni moja kwa moja mpaka bondeni. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hawa majembe waliyachukua wenyewe, wakaulima ugomvi.

Nakijwa akasema, "Shemeji, maji yatapita humo."

"Yapite," Mrutu akamjibu. "Mambo ya mipaka tuachie wenye baba."

Mvua ya kwanza ikaja. Nakijwa akasikia kishindo mtaroni. Akachungulia, akaliona zimwi limevaa maji ya tope, limejitwika udongo.

"We zimwi! Wapeleka wapi shamba langu?"

"Bondeni."

"Nani kakuruhusu?"

"Mmenichimbia njia. Mtu akinifungulia mlango nikatae kupita, kwani mimi sina adabu?"

Likashuka likiimba:

"Namumunya, nabeba, nabwaga!
Sina haraka, mlima ni wangu."

Mtaro ukafika magotini. Nakijwa akapanga mawe humo kuzuia maji. Mrutu akaja akayatoa. "Unafukia mtaro ili mpaka upotee!"

Mvua ya pili ikaja. Mtaro ukafika kiunoni. Nakijwa akalaza magogo ya migomba. Kaka wa kati, Mchome, akaja akayatoa. "Unafukia mtaro ili mpaka upotee!"

Mvua ya tatu ikaja. Mtaro ukawa korongo la kummeza mtu na mzigo wake kichwani. Nakijwa akamwendea mumewe.

"Baba Nanzia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twende tukazibe."

"Nikiziba mimi, kaka zangu watasema nimeiba ardhi," Mbonea akasema. "Tulia, mke wangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Hilo ni zimwi la kwenye methali, wanangu. Hili liliwajua mpaka kwa majina, na likala likamaliza.

Nakijwa akarudi ukingoni peke yake. "Zimwi, nakuomba. Chukua shamba, nibakizie nyumba."

"Mimi sichagui, mama. Kikiteremka, nabeba."

Nakijwa akalia. Afanye nini? Mikono yake ilikuwa miwili, na mvua ilikuwa mlima mzima.

Basi alasiri moja ardhi ikakatika. Mgomba mmoja ukaenda. Wa pili ukaenda. Jiko likaenda. Kisha nyumba yenyewe, polepole, kama mtu mzima anayeketi akiwa amechoka. Nakijwa alisimama pembeni amewashika wanawe mikono, anatazama tu.

Ng'ambo ya korongo Mrutu akapiga kelele, "Mpaka ulikuwa pale!"

"Muongo! Ulikuwa pale!" Mchome akajibu.

Na wote wawili walikuwa wanaonyesha hewani.

Kiruvi ikabaki mwamba mtupu, na mwamba haulimwi. Nakijwa na mumewe wakachukua watoto wakateremka. Huko chini kwenye tambarare mto ulikuwa umepunguza mwendo, na zimwi lilikuwa limechoka kubeba. Mawe makubwa lilikuwa limeyabwaga mapema, pale mlima unapoishia. Mbele yake likabwaga mchanga. Na mbali kabisa, maji yalipotulia, likautandaza udongo laini, mweusi. Watu wa bondeni walikuwa wamepanda mahindi juu yake, na yamenawiri.

Nakijwa akachota udongo, akaunusa. Ulinuka samadi yake na majivu ya jiko lake. Akaangua kilio.

Mwenye shamba, Bi Semeni, akaja mbio. "Dada, una nini?"

"Udongo huu ni wangu. Umetoka kwangu Kiruvi."

Bi Semeni hakuwa mtu mbaya. "Pole, dada. Sisi tumeletewa na mto, hatukumwibia mtu. Kama ni wako, uite. Ukiitika, uchukue."

Nakijwa akauita. Akauita. Akauita. Kimya.

Basi Bi Semeni akampa jembe alime, watoto wapate kula. Nakijwa akalima mpaka jua likapoa. Bi Semeni akayatazama matuta yake, akafurahi.

"Umelima vizuri, mgeni," akasema. "Mtu atadhani ardhi hii unaijua tangu zamani."

Hadithi yangu imeishia hapo, bondeni. Mwenye nguvu aipandishe mlimani.

Na funzo lake ni hili: udongo huondoka kidogo kidogo, na ukishashuka haurudi juu. Ukilima mlimani, kata matuta yaliyokingama mteremko, usiyachimbie maji njia ya kushukia. Na ndugu wanaogombea mpaka, zimwi huwapokonya shamba.