Mtoto wa Nakiete Apewe Jina la Nani?

Hapo zamani, kabla gari halijapanda milima ya Upare, aliishi mwanamke aitwaye Nakiete. Wanawake walipolima, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kisha, bila ugomvi wala msiba, akaanza kujitenga. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kuitikia salamu. Mwisho akajifungia chumbani, akaziba dirisha kwa magunia, akasema macho ya watu yanamchoma.

Watu wakasema ana kiburi. Kumbe alikuwa mgonjwa wa akili.

Mama yake, Bi Namkunda, akalinda mlango. Alimpikia uji, akamlisha kwa mkono wake. Aliyebisha hodi aliambiwa, "Amelala."

Shoga yake Niendiwe alikuja akakaa nje ya dirisha, akichambua maharage na kumsimulia habari za kijiji. Hakujibiwa. Akarudi. Hakujibiwa. Akarudi tena.

Nakiete akaacha kula. Ndipo dada yake, Eseri, akavunja mlango, akamfunga kwa kanga, akamteremsha kwa machela hadi hospitali ya bondeni. Njia nzima Nakiete alilia, na kijiji kizima kilimwona. Mganga wa hospitali akasema, "Mngechelewa, mngezika." Nakiete akapewa dawa, na taratibu akapata nafuu.

Baadaye aliolewa, akajifungua binti. Akasema, "Nitampa jina la aliyenirudisha."

Bi Namkunda akasema, "Nisingekulisha, Eseri angebeba maiti."

Eseri akasema, "Mama, ulimlisha ukamficha. Tiba ilikuwa bondeni, nawe unawaambia watu amelala."

"Nilimficha wasimcheke. Wewe ulimfunga kama mbuzi."

"Nilimfunga, lakini yuko hai."

Niendiwe hakudai kitu. Nakiete akamgeukia.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Sikuweza kujibu, ila nilijua kuna mtu ananisubiri. Kila ulipomaliza kusimulia ndipo nilipokubali uji wa mama."

Eseri akauliza, "Na alipoacha kula, Niendiwe, ulifanya nini?"

Niendiwe akainamisha kichwa. "Niliendelea kusimulia."

Nakiete akamshika dada yake mkono. "Uliniokoa, dada. Lakini mpaka leo ukiingia ghafla, mwili wangu unatetemeka."

Mtoto alikuwa ananyonya, naye hana jina.

Basi ninyi mlionisikiliza, msiniachie mimi peke yangu. Je, kati ya Namkunda, Niendiwe na Eseri, nani alistahili mtoto yule aitwe jina lake?