Jezi Aliyovuliwa Mwajabu

Siku ile walikuwapo watu wanane, na tuwataje wote kabla hatujafika mbali, asije mmoja akalalamika kwamba amesahauliwa.

Alikuwapo Mwajabu mwenyewe, binti wa kidato cha sita, mrefu hata mlango wa kwao huupita kwa kuinama, mcheza kikapu ambaye mkoa mzima ulimjua. Alikuwapo mama yake, mkata mkonge, ambaye hupima maneno kama watu wanavyopima chumvi. Alikuwapo Bi Chausiku, aliyejaliwa mkono wa jikoni. Maharage ya Bi Chausiku hata mgonjwa huomba aongezewe. Alikuwapo Mzee Semkiwa, msokota kamba, aliyejaliwa vidole visivyochoka. Alikuwapo Dada Mwanvita, aliyejaliwa jicho la mchezo, ingawa goti lake la kulia halikunjiki. Na walikuwapo wageni watatu: Bi Nuru wa Chuo cha Ziwani, Mwalimu Sempombe wa Chuo cha Ualimu Kwembili, na Kocha Ruhinda wa Chuo cha Kilele.

Huyo wa mwisho mkumbukeni. Bila yeye hakuna hadithi.

Kila mgeni alikuja na karatasi moja, na karatasi zote tatu zilisema jambo lilelile: njoo usome kwetu, ucheze kwetu, ada na malazi ni juu yetu. Mwajabu alitakiwa atie saini moja tu, siku hiyohiyo, kabla wageni hawajaondoka.

Sasa turudi nyuma miaka minne.

Mwajabu alikuwa kidato cha pili, na Ruhinda alikuwa mwalimu wa michezo shuleni kwao. Siku ya mchujo wa timu ya wilaya, Mwajabu alivaa jezi ya shule namba tisa na raba ambazo soli zake zilifungwa kwa uzi wa katani. Katikati ya mchezo soli moja ikachomoka. Akateleza, akaanguka kifudifudi, mpira ukamponyoka ukaenda nje. Wanafunzi wakacheka kidogo, kama wanavyocheka watoto, na wangenyamaza wenyewe. Lakini Mwalimu Ruhinda alipuliza filimbi.

"Wewe, simama. Jezi hii ni ya wachezaji, si ya wakata mkonge. Vua."

"Hapa, mwalimu?"

"Kwani uliivalia wapi? Vua, mpe mwenzako."

Akaivua mbele ya shule nzima. Ndani alikuwa na blauzi kuukuu ya mama yake, imetoboka kwapani. Akatoka uwanjani akibana mikono ubavuni ili lile tundu lisionekane, soli yake mkononi. Soli ile hakuitupa. Aliitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, na kila alfajiri alipofumbua macho aliiona kwanza soli, kisha mwanga.

Watu watatu walimwona akipita siku ile. Wala hawakuambizana kitu. Kila mmoja alianza kivyake.

Bi Chausiku alikuwa mpishi wa shule. Alimwona akipita nyuma ya jiko, akamwita, akamwekea sahani. Chini ya ugali alificha yai la kuku wake mwenyewe, ili wenzake wasimwonee kijicho. Akafanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Ruhinda alipogundua, alikwenda kwa mkuu wa shule akasema mpishi anamlisha mtoto asiye wa timu chakula cha timu. Bi Chausiku aliondolewa kazini baada ya miaka kumi na mmoja, akatoka getini na mwiko wake tu. Kesho yake, saa saba mchana, Mwajabu alimkuta nje ya ua wa shule, amesimama na bakuli lililofunikwa kwa kanga.

"Shikamoo, Bi Chausiku. Si wamekufukuza?"

"Marahaba. Wamenifukuza jikoni, hawakunifukuza kwa kuku wangu. Kula, ugali unapoa."

Miaka minne hakukosa siku ya shule, hata siku za mvua.

Mzee Semkiwa alisikia kwamba Mwajabu amekatazwa kukanyaga uwanja wa shule. Akachukua milingoti mitatu ya mkonge, ile inayochipuka katikati ya mmea ukizeeka, akaifunga pamoja, akaisimamisha nyuma ya kibanda chake cha kamba. Akakunja ukanda wa chuma wa pipa ukawa pete, akasuka wavu kwa singa za katani. Lakini mzee hakuwahi kuuona mchezo ule kwa karibu. Aliuchukua mpira wa Mwajabu, akaupima kwa kamba, akatengeneza pete inayoutosha mpira upite, basi, kama fundi anavyopima kifuniko cha sufuria. Hakuna aliyemwambia kwamba pete ya kweli karibu inameza mipira miwili. Ruhinda alipita pale akacheka hadi akashika kiuno. "Mzee, hii pete au bangili?" Juma lililofuata akaleta wanafunzi wakaing'oa nguzo, akidai imesimikwa kwenye ardhi ya shule. Mzee Semkiwa aliisimika tena hatua ishirini kutoka pale, na pete akaiacha vilevile, nyembamba.

Dada Mwanvita alikuwa mchezaji wa Ruhinda zamani, kabla ya Mwajabu. Siku ya fainali moja alimwambia goti linamuuma. Akajibiwa kwamba maumivu ni ya wazee, arudi uwanjani. Alirudi. Tangu siku hiyo hajakimbia, wala hajapiga magoti kuswali, huswali ameketi. Yeye alikuja kwenye pete ya Mzee Semkiwa na kigoda na ufito mrefu. Akaketi, akauinua ufito mbele ya uso wa Mwajabu.

"Huu mkono wa adui. Pitisha mpira juu yake."

"Dada, ufito wako ni mrefu kuliko mtu yeyote!"

"Ndiyo. Nataka siku ukikutana na mtu, umwone mfupi."

Mwaka wa kwanza Mwajabu alikosa, akakosa, akalia. Mwaka wa pili mpira ukaanza kupita. Kufika mwaka wa tatu, ule wavu wa katani ulikuwa umesukwa upya mara tano.

Ruhinda naye alikuwa amepanda cheo. Alichukuliwa na Chuo cha Kilele, akawa bingwa miaka miwili mfululizo. Shuleni akaja mwalimu mwingine, akamrudisha Mwajabu kwenye timu bila kumuuliza lolote. Na mwaka huu, Kilele walipozunguka mikoani kucheza michezo ya kirafiki, walifika kucheza na timu ya mkoa, na Mwajabu alikuwamo. Mwajabu aliposikia habari hiyo hakula chakula cha jioni. Aliketi kitandani akiitazama soli.

Mchezo ulikuwa mgumu. Robo ya mwisho wasichana wa Kilele walishika viuno wakihema, lakini miguu ya Mwajabu ilikuwa bado mibichi. Hiyo ilikuwa miaka minne ya mayai. Sekunde zikabaki sita, Kilele wakiongoza kwa pointi moja. Msichana wao mrefu kupita wote akamnyooshea mkono usoni. Mwajabu akauona mfupi, akarusha juu yake. Na pete iliyokuwa mbele yake, jamani, aliiona pana kama mdomo wa kisima. Mpira uliingia bila kugusa chuma.

Mwajabu hakushangilia. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye benchi la Kilele, akasimama mbele ya Ruhinda, akamwambia kwa upole, "Wakata mkonge wanakusalimu, mwalimu."

Mngedhani moyo wake ulitulia hapo. Haukutulia. Asiyejua kisasi husema kionjo kimoja kinatosha. Kisasi ni kama maji ya chumvi.

Basi ndivyo ilivyokuwa hadi watu wanane wakakutana katika ua wa mama yake Mwajabu, karatasi tatu juu ya mkeka.

Mwajabu aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja. Alipofika kwa Ruhinda akataka kumpita. Mama yake akakohoa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwajabu. Umekua."

Bi Chausiku akanong'ona kwa sauti ambayo hata kuku walisikia, "Alikula kazi yangu, sasa anakula na shikamoo."

Mama akamimina chai. Wageni wote aliwapa vikombe vya maua, vile vya sikukuu, na Ruhinda naye akampa cha maua.

"Hata huyu unampa kikombe kizuri?" Bi Chausiku akauliza.

"Yuko uani kwangu," mama akajibu, akamsogezea na sukari.

Wa kwanza kusema alikuwa Dada Mwanvita. "Mdogo wangu, tia saini ya Ziwani. Kila mwaka ligi inafunguliwa kwa mchezo wa Ziwani na Kilele, tena ukumbini kwao Kilele. Mfuate nyumbani kwake, umpige mbele ya watu wake. Mimi goti langu liliuawa mbele ya watu. Nataka naye aaibike mbele ya watu."

"Huko ni kumpiga mara moja kwa mwaka," Mzee Semkiwa akasema. "Mjukuu wangu, tia saini ya Kwembili. Chuo kidogo cha hapa kwetu, najua, uwanja wa vumbi. Lakini mwaka huu wameingia ligi, na ratiba itamlazimisha aje huku. Aje akanyage vumbi letu, wakata mkonge wakiwa wamejipanga kushoto na kulia, afungwe na watoto aliowang'olea nguzo. Nitasuka wavu mimi mwenyewe."

Mwalimu Sempombe akafungua mdomo kueleza habari za masomo, akaona hakuna anayemsikiliza, akanywa chai.

Bi Chausiku alikuwa ametulia, na utulivu wake ulitisha. "Nyote mnampiga kwa nje. Mwanangu, tia saini ya Kilele."

"Kwake?" Mwajabu akashtuka.

"Kwake. Mlie chakula chake, mvalie jezi yake, mfikishe fainali, akutegemee kama kipofu anavyotegemea fimbo. Kisha siku hiyo, ukumbi umejaa, simama katikati ya uwanja. Vua jezi. Mkabidhi mkononi. Ondoka."

Bi Nuru akaweka kikombe chini taratibu.

Ruhinda alikuwa amesikia yote, maana walisema akiwa palepale, na hawakujali. Hakuomba msamaha. Alicheka kidogo, akamtazama Mwajabu. "Na mimi nina neno. Hawa wamekupa yai, pete na ufito. Vizuri. Lakini nani alikuamsha alfajiri miaka minne? Nisingekuvua ile jezi, leo ungekuwa wapi? Ungekuwa namba tisa wa wilaya, umeolewa. Hasira nilikupa mimi. Hata mimi nina fungu langu."

"Fungu lako ni mwiko wangu utosini," Bi Chausiku akasema, akaanza kuinuka. Mama alimshika mkono akamkalisha.

Mwajabu aliingia ndani. Akasimama mbele ya msumari, mbele ya ile soli. Alitaka kusema kwamba Ruhinda ni mwongo, lakini kila alfajiri ile soli ndiyo iliyomwamsha. Kisha akawafikiria wale watatu. Lile bakuli lililofunikwa kwa kanga. Vidole vya mzee vikisuka wavu mara tano. Dada Mwanvita juu ya kigoda, ameinua ufito, bila kusema kwamba mkono umechoka. Kila mmoja alidhulumiwa na mtu yuleyule, kila mmoja alimpa kitu ambacho bila hicho mpira ule usingeingia, na kwa miaka minne hakuna aliyemwomba hata ahsante. Leo kila mmoja anaomba jambo moja tu, na akimpa mmoja, wawili watakufa na uchungu wao.

Mama alimfuata na kikombe.

"Mama, wewe unataka nini?"

"Mimi nataka unywe chai." Akakaa kando yake kitandani. "Blauzi ile nimeishona kwapani. Imo sandukuni. Ukiitaka, ichukue."

Nje, injini ya gari la wageni ikawashwa. Mwajabu alinywa chai hadi mwisho, akaitungua soli kutoka kwenye msumari, akatoka nayo uani, akaomba kalamu.

Sasa, nyie mliokaa kimya mkisikiliza, saidieni. Bila Bi Chausiku, miguu isingefika robo ya mwisho. Bila Mzee Semkiwa, pete isingekuwa pana. Bila Dada Mwanvita, ule mkono usingekuwa mfupi. Je, saini ni ya nani kati yao? Na yule aliyempa hasira, naye ana fungu, au fungu lake alishalichukua siku alipomvua mtoto jezi? Wewe ungeshika kalamu ile, ungeamua vipi?

Yeye alitia saini karatasi moja. Siku ya mchezo wake wa kwanza aliomba awekewe nafasi nne za mbele, za mama yake na wale watatu, na zote nne zilikaliwa.