Mwimbishaji Aliyekataa Kulala

Palikuwa na binti mmoja mwanachuo, mwimbishaji wa kwaya ya wanafunzi. Binti mwenye sauti, wapendwa, na mwenye kuchoka. Asubuhi darasani, mchana maktaba, jioni mazoezi, na kila kazi ya kwaya ilimwangukia yeye kwa sababu hakujua kusema hapana. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine nawaona mmekaa hapa.

Wiki moja mwanakwaya mwenzao akafiwa na mama yake. Kabla ya kusafiri alimshika binti mkono, akamwomba jambo moja tu: Jumamosi kwaya ije imwimbie mama akizikwa. Binti akaahidi.

Kesho yake mafua yakamkamata. Kichwa kizito, viungo vinauma, homa inapanda. Mwenzake wa chumbani akampikia uji, akamwekea maji ya kunywa kando ya kitanda, akamsihi alale na asiwakaribie watu mpaka homa ishuke.

"Nikilala, nani ataanzisha wimbo?"

"Ataanzisha mwingine, dada. Hata akikosea, si wataimba?"

"Ni mafua tu haya," binti akasema, akavaa sweta, akajikokota mazoezini.

Wakamsifu sana: huyu ndiye mtumishi, anaumwa na bado amekuja. Na kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ya kuimba, kikombe kimoja cha maji ya tangawizi kinazunguka, kila mtu anapiga funda ili sauti ifunguke. Mwimbishaji huanza. Akanywa, akakohoa, akampa wa pili. Na jioni iliyofuata vivyo hivyo.

Jumamosi akaamka mwepesi, sauti imerudi. Akamshukuru Mungu, akavaa sare, akaenda getini kuwasubiri wenzake. Hakuja mtu. Akapiga simu. Mmoja akajibu kwa kikohozi, mwingine hawezi kuinuka, mwingine hata sauti hana.

Akaenda msibani peke yake. Mfiwa akamtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanaumwa," binti akasema. Penye kaburi akaanzisha wimbo wa kwaya yao, ambao watu wa pale hawakuujua, na hakuna aliyeitikia.

Je, binti huyu alikosa upendo? Hakukosa. Alikosa unyenyekevu wa kukubali kwamba na yeye ni mwili. Sisi tunaona aibu kulala. Tunakuja na homa zetu, tunakoholeana, tunaita utumishi. Nani hapa hajasifiwa kwa hilo? Nani hajamsifu mwenzake? Nimechoka, wapendwa, kuzunguka mabwenini kuwaombea watu walioambukizwa na bidii ya ndugu zao. Mungu mwenyewe alifanya kazi akapumzika. Wewe ni nani? Ukiumwa, kunywa maji, kula hata kidogo, lala, na ukizidiwa nenda zahanati. Zipo siku ambazo kumpenda jirani ni kumkalia mbali.

Basi kama yupo hapa mwenye homa, asingoje baraka ya mwisho. Ainuke sasa hivi, aende akalale, na asiwepo wa kumsema.