Vijiti vya Sukari Dirishani

Mwiba ni kitu kidogo. Anayeuchomoa mapema huendelea na safari yake. Anayeucheka huishia kubebwa. Bedan aliucheka, ila aliyebebwa hakuwa yeye.

Bedan alikuwa na kliniki ndogo Buruburu. Mpimaji wake wa damu alikuwa Muthoki, msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, mwenye moyo mweupe kama pamba. Asubuhi moja Muthoki alikuta vijiti vya kupimia sukari vimetolewa mikebeni na kumiminwa katika chupa ya peremende, dirishani, juani, ili wapita njia waone jinsi kliniki ilivyosheheni.

"Bosi, ncha ya kila kijiti imepakwa utando wa vimeng'enya," alisema. "Ndivyo vinavyoitambua sukari katika damu. Vikipigwa na jua na unyevu vinakufa. Mashine itasoma, lakini itasema uongo."

"Utando gani? Mimi naona plastiki," Bedan alicheka. "Daktari wa vitabu, biashara ni macho. Mali ya mkebeni nani ataijua?"

Muthoki alivirudisha mikebeni. Kesho yake alivikuta chupani.

Mwezi haukuisha kabla mamake Bedan, Waruguru, hajaja akichechemea. Alikuwa mgonjwa wa sukari, na kiatu kipya cha kanisani kilikuwa kimemchubua kisigino. Bedan alimpima mwenyewe, kwa kijiti cha dirishani. Mashine ikasema sukari iko sawa.

"Mama, wewe bado msichana. Nenda ukanywe chai."

"Shosho, kidonda hiki kimeanza kunuka," Muthoki alimsihi bibi huyo. "Twende hospitali wakupime upya."

"Wacha kumtisha mamangu," Bedan alifoka.

Waruguru alimpapasa Muthoki mkono. "Usijali, mwanangu. Huyu nilimzaa mimi. Mashine yake haiwezi kunidanganya."

Alipofikishwa hospitalini, wiki chache baadaye, sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi na mguu umekuwa mweusi kama mkaa. Ulikatwa chini ya goti.

Jumapili aliyorudi nyumbani, Waruguru alivaa kiatu kimoja. Kile kingine alimpa mwanawe. "Kiweke dirishani, Bedan," alisema kwa upole. "Pengine kitapata mnunuzi."

Bedan alikipokea asiweze kuinua macho. Muthoki, aliyekuja kumjulia shosho hali, aligeukia ukuta akalia. Laiti angekuwa yeye ndiye aliyekosea. Lakini ndivyo ilivyo: mdharau mwiba, mguu huota tende.