Faini ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, palikuwa na bwawa moja tu la maji ya kunywa. Bwawa hilo lilikuwa na sheria: atakayelichafua atampelekea mwamuzi mzigo mmoja wa majani.

Mwamuzi alikuwa Nyati. Mchafuzi alikuwa Kiboko. Na mwenye shida alikuwa Digidigi, mama mdogo mwenye miguu kama njiti, ambaye mwanawe alikuwa anaharisha siku ya nne.

Kabla ya sheria, Kiboko alioga bwawani mara mojamoja, kwa kuibia, na akiona watu anatoka ameinamisha kichwa. Sheria ilipokuja, haya ikamwisha. Kila asubuhi, chubwi, chubwi, anajigaragaza mpaka maji yanakuwa kama uji wa ulezi. Kisha anang'oa majani kule kinamasini kwake, yamejaa tele, anampelekea Nyati, anarudi kulala.

Na desturi yao ilikuwa wakubwa kunywa kwanza. Nyati alfajiri, Kiboko baada yake, Digidigi mwisho kabisa. Fungu lake likawa tope.

Siku hiyo Digidigi hakutulia. Anaketi, anasimama, anamgusa mtoto paji la uso, anatoka, anarudi. Mwishowe akashika njia ya bwawani, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, baba Kiboko."

"Marahaba."

"Mwanangu tumbo linamuua, baba. Kesho usioge, kesho tu."

Kiboko akafumba macho majini. "Mama, mimi kila nikioga nalipa. Wewe umelipa nini?"

Digidigi akakimbia kwa Nyati. Akamkuta anaitafuna ile faini.

"Mzee, faini haimzuii. Mkataze kabisa."

"Nimkataze?" Jani lilikuwa linaning'inia mdomoni. "Akiacha kukosa, mimi nitakula nini?"

Macho ya Digidigi yakahangaika huku na huku, mpaka yakatua kwenye magoti ya Nyati. Yalikuwa bado yamelowa umande.

"Haya, mzee," akasema pole pole. "Ila magoti haya, kila alfajiri kwenye baridi, yatakufikisha wapi? Majani si yapo hata hapo nyuma ya nyumba? Mwambie Kiboko akulipe maji. Kila akioga, mtungi mmoja, mpaka mlangoni."

Nyati akaacha kutafuna. "Mlangoni?"

"Mlangoni. Wewe umelala zako."

Nyati akakubali papo hapo. Digidigi huyo, mbio mpaka bwawani. "Baba Kiboko, faini yako imepunguzwa."

"Na nani?"

"Nimekuombea mwenyewe. Huna haja ya kung'oa majani tena. Mtungi mmoja tu wa maji, na majini ndimo unamoshinda."

Kiboko akacheka mpaka mapovu yakapanda. "Kumbe wadogo nao mna akili."

Kulipopambazuka Nyati alikuwa bado amejifunika. Kiboko akaoga, akajigaragaza, akamaliza. Ndipo akajaza mtungi, akaupeleka.

Nyati akanywa kwa pupa: glu, glu, glu. Puu, akatema.

"Nini hii?"

"Faini yako, mzee."

"Hili ni tope."

"Ni maji ya bwawa. Nimeoga, nimechota."

"Basi chota kwanza, ndipo uoge."

Kiboko akashangaa kweli. "Kabla sijaoga sina kosa, mzee. Nikulipie nini?"

Kiu ikamsukuma Nyati mpaka bwawani. Digidigi alikuwa pale, ameinama na kibuyu chake. Akasogea kidogo.

"Karibu, mzee. Haya ndiyo ninayompa mwanangu."

Nyati akayatazama. Akatema tena tope lililobaki ulimini, akageuka kumtafuta Kiboko.

Kabla jua halijafika utosini, faini ilikuwa imefutwa. Anayetaka kuoga aende kinamasini, na atakayeingia bwawani ataonana na pembe za Nyati mwenyewe. Kiboko akaondoka akinung'unika kwamba sheria ya zamani ilikuwa na heshima.

Kesho yake Digidigi alichota wa mwisho, kama kawaida. Chini kokoto zilionekana mojamoja. Mtoto akanywa, akalala, na mama yake naye akaketi, akabaki ameketi.

Basi mkue mkijua hili, wajukuu zangu: mwamuzi anayeshiba kwa kosa hatalizuia mpaka alionje.