Nguzo Iliyochongwa

Tegeni masikio, mlio karibu na mlio mbali! Palikuwa na mgodi mdogo wa shaba, na wachimbaji waliacha nguzo moja ya jiwe la kijani lenye shaba ibebe dari. Ngoie, binti wa mchimbaji, aliichonga kwa siri apate shaba ya bangili. Siku moja, baba yake akiwa ndani, nguzo ikalia: "Nani kanichonga? Asiposema, naanguka!"

"Panya," akajibu Ngoie mlangoni.

"Panya gani ana nyundo?" Vumbi likamwagika.

Ikauliza tena. Ngoie akainamisha kichwa. Mawe yakadondoka.

Ikauliza mara ya tatu.

"Ni mimi!"

Nguzo ikavumilia hadi baba akatoka, kisha ikaanguka na mgodi wote ukafukiwa.

"Pole, mama," baba akamwambia bintiye, akimpangusa machozi. Ngoie aliona heri angechapwa.

Ngano nimeitua; anayeiweza aibebe.