Albamu Iliyouliza Mara ya Pili

Kulikuwa na bendi ya vijana wanne waliopiga panki. Mnacheka? Ndiyo, panki! Magitaa ya kelele, nywele zimesimama, watu wanaruka mpaka viatu vinapotea. Albamu yao ya kwanza ilikuwa shangwe tupu, na mji mzima uliipenda.

Kumbe mpiga dramu wao alikuwa mgonjwa. Kila siku ya mazoezi wenzake walimwuliza, "Vipi, habari?" Naye akajibu, "Nzuri tu." Miaka miwili, nzuri tu. Wakaja kumzika.

Wale watatu waliobaki wakarekodi albamu ya pili. Hiyo sasa ilikuwa nzito, yenye giza, kilio mwanzo mpaka mwisho. Msambazaji wa albamu zao akasikiliza nyimbo mbili, akazima.

"Hebu nyie! Nani ataruka kwa matanga haya? Nileteeni kama zile za kwanza, la sivyo tafuteni mtu mwingine."

Mwimbaji akasema, "Mzee, mwenzetu tulimwuliza habari kila siku, na kila siku tuliridhika na jibu la kwanza. Hatukumwuliza mara ya pili. Albamu hii ndiyo mara ya pili. Hatuondoi hata wimbo mmoja."

Wakafukuzwa. Walipoipiga ukumbini, watu wakazomea, wakatoka. Wao wakaipiga yote, mbele ya viti vitupu. Ninyi mngethubutu? Mimi, nawaambia kweli, ningekimbia.

Miaka ishirini ikapita. Mtangazaji wa redio akamwalika yule mwimbaji waikumbuke albamu ile. Akamwuliza, "Hivi hamjuti?" Kabla hajajibu, simu ikaingia studio. Alikuwa yule msambazaji, sasa mtu mzima wa mvi.

"Nilimzika mke wangu mwezi wa tatu," akasema. "Ile albamu ya shangwe siwezi hata kuigusa. Naisikiliza hii niliyoikataa."

"Pole sana, mzee wangu," mwimbaji akasema. "Habari yako wewe?"

"Nzuri tu, mwanangu."

Mwimbaji akauliza tena, polepole. "Mzee, habari yako?"

Weee! Mtu mzima akalia redioni, mji mzima unamsikia, na hakuona aibu.

Haya, sasa sisi. Si tunasalimiana pale mlangoni mwa kanisa? "Habari?" "Nzuri, ila tumefiwa." "Nzuri, ila mtoto amelazwa." Nasi tukiisikia hiyo "ila," miguu inaanza kuondoka! "Jikaze, Mungu yupo," halafu huyooo, tumeshafika kwenye chai. Mungu yupo, sikatai. Wewe je, umekwenda wapi?

Leo sitaki amina zenu. Mshike mkono aliye karibu nawe, mwulize habari. Akisema nzuri, usimwachie. Mwulize tena.